Sehemu ya 14: Chenza na bakuli la kioo

Wiki iliyopita tuliongelea kitovu cha mtoto mchanga. Leo naomba tuongelee samaki. Sio wa kukaanga, nasema wale wadogo wa mapambo tunaowanunulia watoto na kuwaweka kwenye bakuli la kioo juu ya meza ya sebuleni. Msicheke, mimi mwenyewe nililia kwa ajili yao.

Mwanangu alipotimiza miaka sita, mama yake mdogo alimletea zawadi: bakuli la duara, mawe ya rangi, na samaki mmoja wa rangi ya dhahabu. Lile bakuli lilijaa kwa chupa tatu za maji za lita moja na nusu. Muuzaji alishasema, "Dada, huyu hana shida, mbadilishieni maji tu kila wiki." Mtoto akampa jina Chenza.

Mimi usafi ndio kazi yangu, basi Jumamosi nikamwaga maji yote, nikasugua bakuli kwa sabuni mpaka likang'aa, nikajaza maji ya bomba. Siku mbili baadaye Chenza akaanza kukaa juu juu, anafungua mdomo na kufumba. Mtoto anafurahi: "Mama, ananiongelesha!" Nikamrekodi video nikamtumia bibi yake.

Jumatano natoka zamu ya usiku, namkuta Chenza anaelea ubavu.

Nilichofanya sijivunii. Nilimfunga kwenye karatasi, nikapanda bodaboda kwenda kununua mwingine kabla mtoto hajarudi shule. Alirudi, akaweka begi chini, akaangalia. "Mama, huyu sio Chenza. Chenza ana doa jeupe mkiani." Nikamwambia doa limepotea. Ndiyo, nilimdanganya mwanangu usoni.

Huyo wa pili alimaliza siku kumi na moja. Safari hii mtoto alimkuta mwenyewe. Hakulia. Aliniuliza tu: "Mama, wewe si nesi? Kwa nini hukumtibu?"

Jamani. Nimeulizwa maswali magumu wodini, lakini hilo lilinikalisha chini.

Jirani yetu kuna mzee amefuga samaki wa mapambo miaka mingi. Nikaenda. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, kuna nini tena?" Nikamweleza yote. Akasema: "Mwanangu, yule samaki alikuwa anakunywa na kuoga kwenye choo chake mwenyewe. Halafu wewe ukamwekea dawa ya bomba."

Alivyofafanua, nikaelewa haraka kwa sababu inafanana na kazi yetu. Samaki hutoa uchafu wa mwili wake kama amonia, na sehemu kubwa inatokea kwenye matamvua, yaani yale mashavu anayopumulia. Ziwani au mtoni amonia inatawanyika kwenye maji mengi. Kwenye lita nne na nusu inarundikana na kuunguza yale yale mashavu. Ni kama mgonjwa ambaye figo zimegoma: sumu ni ya mwili wake mwenyewe, tatizo haina pa kwenda.

Kwenye tenki lililokomaa kuna bakteria wazuri wanaokaa kwenye sponji ya chujio na kwenye mawe. Wanaibadilisha amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaibadilisha kuwa naitreti, ambayo ina nafuu kubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Mimi na sabuni yangu nilikuwa nawaua kila Jumamosi, halafu klorini ya bomba inamalizia. Ongeza na joto letu: maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, na bakuli lenye mdomo mwembamba linapitisha hewa kidogo.

Sasa sikilizeni kilichoniuma. Kila wiki nawafundisha kina mama kuhesabu pumzi za mtoto. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni hatari. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Nawaambia: mtoto anayehema hachezi, mkimbize hospitali. Na mimi huyo huyo nilimwona Chenza akihema mbele ya macho yangu, nikatoa simu nikamrekodi. Hakuwa anaongea. Alikuwa anatafuta hewa.

Kwa hiyo jibu langu: hapana, bakuli halifai. Samaki wa dhahabu anaweza kuishi miaka zaidi ya kumi na kupita urefu wa sentimita 15, sasa ataishije kwenye chombo cha saladi? Wale wenye mapezi marefu wanaoitwa beta wanaweza kuvuta hewa juu ya maji, ndiyo maana wanachelewa kufa. Kuchelewa kufa sio afya. Hao nao wanahitaji maji ya vuguvugu, chujio, na lita 20 hivi. Jiji la Roma lilipiga marufuku mabakuli haya mwaka 2005, kwa hiyo sio mimi tu niliyechanganyikiwa.

Kama samaki yupo kwenye bakuli sasa hivi, msiogope, fanyeni haya wakati mnatafuta chombo kikubwa:

- Badilisha robo tu ya maji kila siku, usimwage yote.
- Maji ya bomba yakae kwenye ndoo wazi saa 24 kwanza, klorini itoke. Ndoo iwe mbali na mtoto anayetambaa, anaweza kuzama hata kwenye maji kidogo.
- Sabuni marufuku.
- Chakula kidogo sana, kinachoisha ndani ya dakika mbili.
- Mtoto anawe mikono kwa sabuni akishagusa maji hayo, yanaweza kuwa na salmonela. Mwenye kidonda mkononi asiingize mkono.

Sisi tulinunua tenki la lita 60 lililotumika, lenye chujio. Mzee akatupa kipande cha sponji kutoka kwenye tenki lake, akatuambia tudondoshe chembe za chakula humo na tusubiri. Wiki nne tenki halina samaki! Mtoto alilalamika kila siku. Nikamwambia tunaandaa nyumba kwanza, mgeni baadaye.

Na nikamwambia ukweli. Chenza alikufa, hakulala, hatarudi. Msiwaambie watoto "amelala", wengine wataogopa kufumba macho usiku. Nikamwambia sio kosa lake, mama hakujua, na mama alidanganya. Akafikiri kidogo. "Sasa unajua?" Nikasema sasa najua.

Leo tuna gapi watano, madume watupu maana wakichanganyika wanazaana hatari. Kila asubuhi kabla ya shule mwanangu anasimama mbele ya kioo na kuangalia mashavu yao. "Mama, wanapumua polepole." Kisha anavaa viatu.

Lile bakuli lipo jikoni. Naweka ndimu.

Wiki ijayo: homa ya usiku, lini usubiri na lini ukimbie. Usiku mwema.