Vyombo vya Kale Visiuzwe kwa Ratili

Wahenga walituachia methali isemayo, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Walimu wenzetu wengi huifundisha methali hii darasani, wakaeleza maana yake ya nje na ya ndani, kisha wakaiacha ndani ya daftari. Sisi tulio bondeni mwa mto Nyamwamba tumepata bahati ya kuifundisha kwa mikono. Kwa miaka kadhaa sasa, kila Jumamosi baada ya adhuhuri, wanafunzi wachache na mafundi wawili watatu hukutana nasi ili kuvihuisha vyombo vya nyumbani vilivyokwisha kukatiwa tamaa: pasi za makaa, cherehani, majiko ya mafuta ya taa, feni na, ijapokuwa wengi hushangaa, mashine za kufyonza vumbi. Makusudio ya makala haya ni kueleza kazi hiyo ni ya namna gani, na kwa nini mwalimu wa lugha aione kuwa ni kazi yake.

Huenda msomaji akauliza, vyombo hivyo vilifikaje huku chini ya milima ya Rwenzori? Jibu limo katika historia ya mji wetu. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na mwaka huo huo mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba. Shaba hiyo ilipakiwa katika mabehewa, ikapelekwa kuyeyushwa Jinja, kisha ikateremshwa pwani. Mgodi ulikuwa na mtambo wake wa umeme kwenye mto Mubuku, na nyumba za wakubwa wa kazi ziliwashwa taa wakati vijiji vingi vya Uganda havijui umeme ni nini. Nyumba yenye umeme huvuta vyombo vya umeme. Yakaja majokofu, redio kubwa mithili ya kabati, pasi, feni na mashine za kufyonza vumbi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ulisimama. Katika miaka ya 1990 treni nazo zikakoma. Watu waliondoka na masanduku yao, lakini vyombo vizito vilibaki. Wengine walivigawa, wengine waliviuza kwa bei ya kutupa, na vingi vilisukumwa uvunguni mwa vitanda.

Kwa upande wa Bwera mambo ni tofauti kidogo. Kule mpaka wa Kongo u karibu, na soko la Mpondwe huvuta watu wa pande zote mbili. Vyombo vingi vya kale vitokavyo huko ni vya kazi: cherehani za mafundi wa nguo, mizani, karabai na pasi za makaa. Havikuletwa na mgodi, vililetwa na biashara.

Chombo cha kwanza kilichotufundisha somo kubwa kilikuwa mashine ya kufyonza vumbi ya Hoover, yenye mfuko wa kitambaa uliotobolewa na panya. Asili ya mashine za jinsi hii ni ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1901 Mwingereza Hubert Cecil Booth alitengeneza mtambo mkubwa uliokokotwa kwa farasi. Ulisimamishwa barabarani, na mipira yake mirefu ikapitishwa madirishani kwenda kufyonza vumbi ndani ya nyumba. Huko Marekani, katika mji wa Canton, Ohio, mfagizi wa duka, James Murray Spangler, alikuwa akisumbuliwa na pumu kwa sababu ya vumbi la kazi yake. Alichukua mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akaviunganisha. Mwaka 1908 alipata hataza ya chombo chake, na haki yake ikanunuliwa na jamaa ya Hoover, ambayo jina lake limeenea duniani kuliko jina la mfagizi yule. Wanafunzi wetu walipoelezwa habari hii walikaa kimya. Hawakudhani kwamba mtu mwenye ufagio aweza kuvumbua kitu.

Fundi wetu mkuu ni mzee aliyepata kufanya kazi ya umeme mgodini ujanani mwake. Ana sheria moja tu: "Taja kwanza, kisha fungua." Mwanafunzi haruhusiwi kushika bisibisi mpaka awe amekitaja kila kiungo anachokiona, na kueleza kazi yake. Basi Jumamosi ile mashine haikufunguliwa kwa muda wa saa nzima. Tulitaja mpini, swichi, waya, plagi, mfuko, ukanda wa mpira, mrija, gurudumu. Ilipofunguliwa tukaanza upya: mota, koili, feni ndogo inayosukuma hewa kwenda nje na hivyo kuiita hewa nyingine iingie pamoja na vumbi lake. Tukaona vijiti viwili vya kaboni viitwavyo brashi, ijapokuwa havina unywele hata mmoja. Kazi yake ni kupeleka umeme kwenye pete ya shaba inayozunguka. Brashi hizo zilikuwa zimelika zikabaki fupi kama kucha, nazo ndizo zilizoifanya mashine inyamaze. Mota yenyewe ilikuwa nzima.

Tuliipata dawa kwa gharama ndogo. Brashi za mashine ya kutobolea mbao zilisuguliwa kwa msasa mpaka zikaingia mahali pake. Pete ya shaba ilisafishwa masizi. Waya wa zamani, uliovikwa nguo juu ya mpira uliokwisha kukauka na kupasuka, ulitupwa wote, na waya mpya wa nyuzi tatu ukatiwa, ule wa tatu ukiwa wa kuukinga mwili wa mtu usipigwe na umeme. Mfuko ulishonwa upya. Mashine ilipowashwa ilivuma kama mzinga wa nyuki, na leo hutumiwa kuondoa vumbi la chaki katika rafu za vitabu vyetu.

Pasi ya makaa haina siri kubwa kama hizo, lakini katika wilaya yetu ndiyo yenye manufaa zaidi, maana umeme ukikatika haijali. Aghalabu ugonjwa wake ni kutu, bawaba iliyokaza, au mpini wa mti ulioungua. Kutu husuguliwa kwa msasa mkavu, uso wake ukapakwa nta ukiwa na joto, bawaba ikatiwa mafuta, na mpini ukachongwa upya kwa mti mgumu. Wakati wa sare za shule kuna nyumba ambazo hutegemea pasi moja kwa mtaa mzima.

Hata hivyo, mambo yaliyotugusa sana yalitokana na cherehani. Wasomaji watakumbuka kwamba Mei 2013 Nyamwamba ulifurika ukaleta mawe makubwa kutoka milimani, na Mei 2020 ukafurika tena, ukaharibu nyumba nyingi za Kilembe na hata hospitali yake. Baada ya mafuriko hayo ya pili alitujia mama mmoja mshonaji. Cherehani yake, Singer ya miguu, ilikuwa imefukuliwa kutoka matopeni. Gurudumu lake halikuzunguka hata kwa upana wa ukucha. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kuipima katika mizani yake na kumtajia bei, na bei hiyo isingetosha kununua hata kanyagio la cherehani nyingine. Mama yule akatwambia, "Mwalimu, mashine hii ndiyo iliyowasomesha watoto wangu watatu. Nikiiuza kwa kilo, nitawaambia nini?"

Hatukumwahidi kitu. Mzee aliitazama kimya, kisha akaanza kama kawaida yake kuwaagiza vijana wataje. Gurudumu la mkono. Kanyagio. Ukanda wa ngozi. Sindano, mguu wa kubana kitambaa, meno ya kusukumia kitambaa, bobini na kikombe chake. Yalipotimia majina, tope lililokauka lilioshwa kwa maji kidogo kidogo, kwa kuwa mchanga ukibaki ndani husaga chuma kama tupa. Mashine ikakaushwa juani, kisha kila tundu likatiwa mafuta ya taa. Ikaachwa usiku kucha, ikatiwa tena. Kulazimisha gurudumu kulikatazwa kabisa, kwa maana chuma cha kusubu hakipindi, huvunjika. Spiriti nayo ilikatazwa, kwa kuwa ingeyafuta maua ya dhahabu yaliyonakshiwa mwilini mwake. Siku ya sita gurudumu likasogea kidogo. Siku ya tisa likazunguka mzunguko mzima. Hapo ndipo mafuta ya taa yalipofutwa na mafuta halisi ya cherehani yakatiwa; si mafuta ya kupikia, ambayo huganda yakawa gundi.

Kijana mmoja aliziona herufi na tarakimu zilizopigwa juu ya bamba la mashine. Nambari hizo hueleza kiwanda na mwaka, na za mashine hii zilituonyesha kwamba ilitoka Clydebank, Uskoti, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekufa, mgodi umekufa, reli imeota majani, na cherehani ingali ikishona. Mama alipokuja kuichukua alikaa akatia uzi, akashona pindo la kitenge alichokuwa amekivaa, hakusema neno. Mwaka huo shule zilipofunguliwa tena, sare kadhaa tulizoziona zilipita chini ya sindano ile.

Twende sasa kwenye hoja yetu. Yule mnunuzi wa vyuma hakuwa mtu mbaya. Yeye aliona uzito tu, kwa sababu uzito ndio jambo pekee alilojua kulitaja. Kwake yeye gurudumu, kanyagio na bobini vilikuwa kitu kimoja, nacho ni chuma. Chombo hufikia mizani ya ratili pale ambapo hakuna tena mtu katika nyumba awezaye kuvitaja viungo vyake. Mwenye kujua jina la kiungo hujua kazi yake. Ajuaye kazi yake hujua kilichoharibika. Ajuaye kilichoharibika hukosa sababu ya kukitupa chombo kizima.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapohusika. Katika nchi yetu lugha hii imebeba mzigo wa historia. Mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa, na wazee wengi wa Uganda waliisikia zaidi katika kinywa cha askari kuliko katika kinywa cha rafiki. Mwaka 2005 katiba iliifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Amri hizo ni njema, lakini amri haimfanyi mtu aipende lugha. Tumeona wenyewe kwamba kijana anayesinzia katika ngeli za nomino huamka anapotafuta jina la parafujo iliyopotea.

Majina yenyewe ni somo. Parafujo tulipewa na Wareno. Lehemu ni ya Kiarabu. Cherehani ina asili ya Kiajemi, ambamo charkh ni gurudumu. Karabai imetokana na kabaidi, lile jiwe ambalo likitiwa maji hutoa gesi ya kuwaka. Vijana wetu wengine husema Kikonzo nyumbani, wengine wana jamaa zao ng'ambo ya Kasindi wasemao Kinande, nao huelewana bila taabu. Lakini penye zana za kazi, wa ng'ambo huleta neno la Kifaransa, wa kwetu wakaleta la Kiingereza, na kila mmoja akadhani mwenzake anakosea. "Bisibisi" liliwapatanisha. Hatudharau maneno ya mafundi wetu kwa kuwa hayamo katika kamusi. Tunayaandika katika daftari kando ya yale ya kamusi, na mwenye kazi huchagua.

Isidhaniwe kwamba twataka kila kilicho kikuukuu kifufuliwe. La hasha. Pasi nyingine za zamani za umeme zina asbesto ndani yake, na vumbi la asbesto ni sumu ya mapafu. Hizo hatuzifungui mbele ya watoto. Majokofu ya zamani yana gesi inayoharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana mataifa yaliafikiana huko Montreal mwaka 1987 kuikomesha. Hayo si ya kutobolewa ovyo, tena hula umeme mwingi kuliko faida yake. Na waya uliopasuka ngozi hauhurumiwi hata kama ni wa asili. Kuhuisha ni kuchagua kipi kiishi na kipi kizikwe, na kuchagua kunataka elimu.

Walimu wenzetu wa sehemu nyingine hawakosi vyombo. Kila mtaa una pasi iliyofungwa kwa waya na jiko la mafuta lisilopanda moto kwa sababu ya kipande cha ngozi cha pampu kilichokauka, ambacho tone la mafuta lingekilainisha. Shauri letu ni dogo. Ombeni chombo kimoja, kiwekeni juu ya meza ya darasa, na waulizeni watoto kila kiungo kinaitwaje. Pasipo jina, mwiteni fundi wa mtaani aje kulitaja, naye akaribishwe kiti kama mgeni wa heshima, kwa kuwa siku hiyo yeye ndiye mwalimu. Majina yakikamilika, bisibisi na itolewe.