Barua kutoka Njia ya Segera

Shoga yangu,

Habari za Phoenix? Mimi nimefika Korogwe salama, na mama hajambo, anakusalimu sana. Ile habari yako ya teksi ya Waymo, usukani unazunguka wenyewe na kitini hakuna mtu, nimekuwa nikiiwaza tangu Chalinze.

Basi letu lilikuwa na kile kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha kufuatilia mwendo. Dereva akizidisha kilomita 85 kwa saa kinalia, na abiria tunasikia. Tulipopita Mkata kikalia, mama mmoja wa kiti cha nyuma akapaza sauti: "Dereva, unaitwa huko!" Mwendo ukashuka papo hapo. Nakipenda kifaa hiki. Ila kinajua mwendo tu, lori linalokuja mbele hakilioni.

Na njia hii unaijua wewe mwenyewe: kwenda mstari mmoja, kurudi mstari mmoja, na malori yamefuatana. Watu wanakwisha kwa kuovateki. Pale Magila Gereza, usiku wa tarehe 3 Februari 2023, Fuso lililokuwa likilipita gari jingine liligongana uso kwa uso na Coaster iliyobeba waombolezaji na maiti kwenda Moshi. Watu 17 walifariki, na baadaye idadi ikaongezeka. Gari linalojiendesha, lenye kamera na rada, lingepima umbali wa taa za gari linalokuja na kubaki kwenye mstari wake. Halisinzii, wala halina haraka ya kuwahisha mzigo sokoni. Hapo teksi yako naiunga mkono kabisa.

Segera, upande wa Handeni, inanipa shida zaidi. Januari 2025, eneo la Chang'ombe, watu walitoka usiku kwenda kusaidia majeruhi wa ajali, lori likawaparamia, wakafa 11. Rada huona gizani vizuri kuliko jicho la dereva, sawa. Lakini kwenye lori bovu, lenye breki zilizochoka, kompyuta itafanya nini?

Jana jioni nilikwenda Handeni kwa njia ya Sindeni. Mbele yetu alikuwapo bodaboda aliyebeba magunia ya mkaa, taa ya nyuma hana, mgongo wake wote umefunikwa. Dereva wetu alimwona tumeshamkaribia mno.

Kwa barabara na magari ya namna hii, teksi isiyo na dereva kwetu inaweza kungoja. Ninachokitamani leo ni ile breki inayojikanyaga yenyewe gari likiona hatari, ambayo katika Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024 ni lazima kwa magari madogo mapya. Sisi tunanunua yaliyotumika, tutaipata mwisho kabisa tusipoidai, na ningependa ianzie kwenye Fuso na malori, pamoja na ukaguzi wa breki usio na huruma.

Ukipanda tena hiyo teksi usiku, niangalizie jambo moja: ikikuta watu wamejaa barabarani, inasimama mbali kiasi gani?

Wako,
Mwanahamisi