Ubora wa Picha Hupangwa na Nani?

Ukifungua video ya YouTube kwenye kompyuta bila kugusa chochote, kuna aliyekwisha kukuamulia picha utakayoiona. Mtambo hupima kasi ya intaneti yako na ukubwa wa dirisha, kisha huchagua kiwango cha ubora, kwa mfano 360, 480 au 720. Mara nyingi huchagua vizuri. Lakini wapo waliochoka kuona chenga ilhali mtandao wao uko imara, nao wakajitengenezea dawa: skripti fupi inayokaa ndani ya kivinjari na kuiamuru kila video ianze kwa kiwango cha juu.

Mlango huo ulifunguliwa na Aaron Boodman, aliyetoa Greasemonkey mwaka 2005, kiongezi cha kuendeshea skripti kama hizo ndani ya kivinjari cha Firefox. Tangu hapo mtu wa kawaida akaweza kuongeza maagizo yake juu ya ukurasa ulioandikwa na kampuni, yakafuatwa kwenye kompyuta yake tu, bila kumbughudhi mwingine. Kwangu hili ni kubwa kuliko picha yenyewe. Tumezoea kupokea mipangilio ya watu kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Wangapi kati yetu tumewahi kubofya kile kigurudumu chenye meno pembeni ya video tuone kuna nini? Mistari michache tu inatosha kuonyesha kwamba kilichopangwa na binadamu hupangika upya.

Hata hivyo, skripti haijui unatazama nini. Ninapomfuatilia fundi anayedarizi kofia, nataka kuona sindano inapoingia na inapotokea, na hapo 1080 ina thamani yake. Ninaposikiliza mawaidha huku napiga pasi, picha safi hainiongezei kitu. Na gharama ipo: YouTube hupendekeza kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kwa 1080, na 0.7 kwa 360. Kwa kasi hizo, saa moja ya 1080 hula zaidi ya gigabaiti 2, na saa moja ya 360 hula kama megabaiti 300. Katika nyumba inayochangia bando moja, tofauti hiyo hutoka kwa mtu. Hutoka kwa mtoto aliyetaka somo la hesabu jioni akakuta bando limekwisha.

Machi 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, YouTube ilishusha ubora wa kuanzia, kwanza Ulaya kisha duniani kote, ili mitandao isielemewe. Aliyetaka zaidi aliruhusiwa kupandisha mwenyewe. Niliona huo ni utaratibu wa haki: wote wanaanza chini, anayehitaji anapanda kwa uamuzi wake. Skripti inayopandisha kila kitu haiulizi jirani ana hali gani.

Jambo jingine, ukitafuta skripti ya namna hii, isome kabla ya kuiweka. Juu kabisa huandikwa tovuti inazozigusa. Ikiwa kazi yake ni video za YouTube tu na bado inaomba kuingia kwenye kila ukurasa unaofungua, iache.

Skripti nyingi zinakuruhusu kuandika kiwango unachotaka wewe. Basi andika 480 au 720 kwa matumizi ya kila siku, na 1080 ipandishe kwa mkono wako pale macho yanapoihitaji kweli. Na kama bando ni la nyumba nzima, waulize wenzako kwanza.