Kimbieni Joto la Kisumu, Pandeni Nandi Hills

Ikiwa joto la Kisumu limekuchosha wewe na jamaa yako, amkeni mapema siku moja mwende Nandi Hills. Jioni mtakuwa mmerudi nyumbani.

Shikeni barabara ya Miwani hadi Chemelil, katikati ya mashamba ya miwa. Kutoka hapo ni kupanda tu. Barabara inapinda, masikio yanaziba, na watoto wanaanza kuulizia sweta. Si ajabu: Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nandi Hills karibu 2,000. Kabla ya kufika juu, simameni mahali salama mtazame uwanda wa Kano ukiwa chini yenu.

Huko juu ni majani chai kila upande. Lakini msirudi kabla ya kuzuru Makumbusho ya Koitalel Samoei. Koitalel aliongoza Wanandi kuwapinga Waingereza na reli yao iliyofika Kisumu mwaka 1901. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, naye ofisa Richard Meinertzhagen akamuua kwa risasi. Baadaye Wanandi wengi walihamishwa, na sehemu ya ardhi yao wakapewa walowezi.

Wasimulieni watoto hayo mnapokunywa chai. Kisha teremkeni mapema, kwani mvua ya huko, wakati mwingine ya mawe, hupenda alasiri.