Tulivyocheza Obando

Miaka saba ya ndoa, na upande wa mume wangu bado wananiita "bibi harusi". Mwanzoni nilikuwa nasikia raha. Siku hizi najua maana yake. Mashosti wote tulioolewa mwaka mmoja wameshakuwa Mama Brian na Mama Neema, mimi jina la kuniita halijapatikana. Mwenzangu yeye hakuna anayemuuliza. Ni Bwana Kilimo, basi, imetosha.

Sasa msomaji, usidhani nilikwenda Ufilipino kutafuta mtoto. Nilimfuata yeye. Mei 2024 alikuwa kwenye kozi katika kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga kilichopo Los Baños, kusini mwa Manila, nami nikakusanya likizo na mkopo wa saccos nikapanda ndege. Mama mwenye nyumba alikopanga akaniuliza swali lile lile la kwetu: watoto wangapi? Nilipojibu hakuna, hakunipa pole. Aliniambia, nendeni Obando.

Obando ni mji wa wavuvi na mabwawa ya samaki, mkoa wa Bulacan, kaskazini tu mwa Manila. Uko chini kiasi kwamba bahari ikijaa, na mitaa nayo inajaa. Tulipanda treni ya mjini hadi Monumento, halafu jeepney. Hiyo ni daladala yao, uzao wa magari ya jeshi la Marekani yaliyoachwa baada ya Vita Kuu ya Pili: rangi kama kanga, abiria mmekaa mkitazamana magoti kwa magoti.

Kila mwaka, tarehe 17 hadi 19 Mei, mji huu unacheza. Siku ya kwanza ni ya San Pascual Baylon, anayeombwa watoto wa kiume. Ya pili ni ya Santa Clara, wa watoto wa kike. Huyu ana mambo yake na mayai. Hata maharusi huko hupeleka mayai kwa masista wake ili siku ya harusi mvua isinyeshe. Ya tatu ni ya Bikira Maria wa Salambao, ambaye sanamu yake, wanavyosimulia, ilinaswa na wavuvi kwenye wavu mwaka 1763.

Kucheza kwenyewe ni kukongwe kuliko kanisa. Kabla ya Wahispania wenyeji walikuwa na ngoma yao ya kuomba uzazi. Mapadri Wafransisko walipofika waliwaachia miguu wakabadilisha anayeombwa. Baada ya vita ngoma ikapigwa marufuku, ikafufuliwa mwaka 1972. Na Wafilipino wana utani nayo. Katika riwaya ya José Rizal, Noli Me Tangere, ya mwaka 1887, mwanamke mmoja asiye na mtoto anatumwa na padri akacheze Obando. Mtoto anapatikana kweli, ila baadaye tunajua kuwa baba yake ni padri huyo huyo! Mume wangu alicheka njia nzima.

Tulifika Jumamosi, siku ya Santa Clara. Joto lile lilikuwa si mchezo. Bendi inapiga, sanamu zimebebwa mabegani, na mbele na nyuma yake watu wanacheza fandango: hatua fupi fupi, wanayumba, mikono inapanda, wanazunguka, wanaendelea. Wasichana wamevaa sketi pana za maua. Lakini kilichonishangaza ni wanandoa. Watu wazima, mke na mume, barabarani mchana kweupe, kila anayewatazama anajua wamekuja kuomba nini. Hakuna anayenong'ona. Wengine wanawapigia makofi. Nikamkumbuka wifi yangu, anavyonivuta jikoni na kufunga mlango kwanza ndipo aniulize kama mwezi huu kuna habari.

Mimi nikaingia kwenye msafara. Mume wangu akabaki ukutani na kamera. "Mke wangu, sisi Walutheri haya mambo hatunayo."

Niliporudi kumtafuta nilimkuta anaongea na bwana mmoja aliyelowa jasho, shati la kitambaa chepesi limemganda mgongoni, mkononi ameshika leso ya kike. Alikuwa anacheza peke yake. Mkewe ni nesi Saudi Arabia, hurudi Desemba. Mume wangu akamuuliza kiutani kama haoni aibu kucheza ngoma ya wanawake. Yule bwana akamtazama kama hakuelewa Kiingereza chake. Akauliza, kwani huyo mtoto atakuwa wa nani? Kisha akarudi kwenye mstari na leso yake.

Basi bwana, Mlutheri akanikabidhi kamera. Hajui kucheza, nisimsifie bure. Aliyumba kama kwaya ya Jumapili, akamkanyaga bibi mmoja, akaomba msamaha kwa Kiswahili. Tulikwenda hivyo hadi ndani ya kanisa, kwa sababu misa ikiisha watu huendelea kucheza katikati ya mabenchi.

Mkitaka kwenda, laleni Manila, tokeni alfajiri, vaeni pamba tupu na viatu vya kuzoea maji. Picha pigeni, lakini muombe kwanza. Watu wako kwenye sala.

Kuna kitu sijakwambia. Daktari alishatuandikia vipimo sote wawili. Vyangu nilimaliza mwaka 2021. Karatasi ya kwake iko kwenye gari, kwenye kidroo cha mbele, chini ya risiti za mafuta.

Wakati wa kurudi hakuna aliyeongea. Kwenye jeepney hakuna konda, nauli inapita mkono kwa mkono hadi kwa dereva. Akapitisha ya watu wawili, chenji ikarudi njia ile ile, akaihesabu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ile karatasi bado ipo?"

"Ipo. Ila wino umefifia."

"Watatuandikia nyingine," akasema, akatazama nje.