Gundi, Ndege na Naibu wa Mwalimu Mkuu

Meza ya nyuma kabisa ya maabara ya fizikia ni mahali panaponuka vumbi la mbao, msasa na, siku hizi, gundi nyeupe tu. Hiyo "tu" ina kisa chake, nami nimeonelea niwasimulie kabla sijaingia Kidato cha Nne nikakosa hata nafasi ya kujikuna.

Wengi wenu mkituona uwanjani na ndege yetu huuliza mambo mawili: Ina injini? Itafika Mombasa? Hakuna anayeuliza imeshikanishwa na nini. Kumbe hilo ndilo swali lenyewe! Ndege yetu ni ya kurusha kwa mkono, bawa lake ni mita 1 kutoka ncha hadi ncha, na haina msumari hata mmoja. Kila ubavu wa bawa na kila kipande cha mkia kimekaa pale kwa hisani ya gundi. Na gundi hazifanani. Kila moja ina tabia zake, kama watu wa bweni moja.

Kwanza niseme tunajengea nini. Wajuzi wa kazi hii husifu balsa, mti mwepesi ajabu ambao mbao zake nyingi hutoka Ecuador. Hapa kwetu Taita nani atakuuzia? Sisi tuna mkonge. Mkonge ukikomaa huchomoza mlingoti mrefu, hutoa maua mara moja, kisha hufa. Mlingoti huo ukikauka ni mwepesi na unachongeka kwa wembe. Ila una vitundu vingi, hunywa gundi kama ngamia aliyefika kisimani, na kila tone linalonywewa ni uzito ambao ndege itaubeba.

Zamani chama chetu kilitumia gundi ya viatu, ile ya manjano ya mafundi. Unapaka pande zote mbili, unangoja ikauke kidogo, unabana, imeshika papo hapo. Raha yake ni hiyo. Lakini ukishagusanisha vipande huwezi kuvisogeza tena hata kama vimekaa upande. Isitoshe, hubaki laini kama mpira, na jua letu la hapa Voi likiipiga, maungio huteleza polepole na bawa kupinda.

Hata hivyo haikuondolewa kwa sababu hizo. Muhula wa kwanza, kijana mmoja wa Kidato cha Pili, aliyelala kitanda cha chini yangu, alipatikana nyuma ya vyoo na chupa ya gundi hiyo puani. Aliinunua mjini, wala haikuwa yetu. Huyu alikuwa mcheshi wa bweni zima. Siku ile nilimshika mkono kumpeleka kwa matroni, akanitazama kana kwamba hajawahi kuniona maishani. Gundi ya viatu huyeyushwa kwa kemikali, mara nyingi ni toluini, na mvuke wake huharibu ubongo. Unaweza hata kuusimamisha moyo. Babake alikuja kumchukua jioni, hawakuzungumza hadi langoni.

Kesho yake kwenye gwaride Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa na neno moja: "Sitaki kuona gundi ya aina yoyote katika shule hii." Wee! Chama kikafa kifo cha ghafla, na siku ya wazazi ilikuwa muhula uliofuata. Mlezi wetu aliniita, kwa kuwa mimi ndimi katibu, akaniambia, "Nenda ukatafute hoja. Kulia hakutatusaidia."

Jumamosi nikapewa ruhusa ya kwenda mjini kuulizia. Muuza vifaa alipoona sare yangu alikunja uso.

"Gundi ya nini, kijana?"

"Ya ndege, mzee."

"Ndege wa kufuga ama ndege gani anayebandikwa?"

Nilimweleza mpaka foleni ikajaa nyuma yangu. Mwishowe akacheka, akaniuzia gundi nyeupe ya maseremala, supaglu, na ile ya mirija miwili inayochanganywa nusu kwa nusu. Gundi ya viatu alikataa katakata kumwuzia mwanafunzi, nami nilimheshimu kwa hilo.

Jumatatu jioni Naibu alikuja maabara, na mlezi akampa kiti. Tulikuwa tumeunganisha vijiti vya mkonge viwili viwili, vikilaliana sentimita 2, kila jozi kwa gundi yake, na kuviacha siku nzima. Tukaning'iniza kopo kwenye kila jozi na kumimina maji polepole.

Supaglu ilitangulia kuachia. Gundi hii ina historia ya kuchekesha: mwaka wa 1942 Harry Coover na wenzake huko Marekani, kwenye kampuni ya Eastman Kodak, walikuwa wakitafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki, wakaitupa kando kwa sababu ilinata kwa kila kitu. Ilianza kuuzwa mwaka wa 1958. Huganda kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo siku kavu hujivuta. Tena ni nyepesi kama maji: mkonge uliinywa yote na maungio yakabaki makavu. Hata pale inaposhika, ni kavu kama kioo, ndege ikitua kwa kishindo hupasuka. Moshi wake nao huchoma macho.

Ile ya mirija miwili haikuachia, kijiti ndicho kilichovunjika. Gundi nyeupe vilevile: kijiti kikavunjika, maungio yakabaki mazima. Hapo Naibu akasogeza kiti.

"Sasa ipi ina nguvu zaidi?"

Nikamjibu kwamba swali hilo halina faida tena. Gundi ikishaushinda ubao, nguvu inayozidi hapo ni uzito mtupu. Ile ya mirija miwili hubaki yote ilivyopakwa, lakini kama nusu ya gundi nyeupe ni maji, na maji hukauka yakaenda zake. Akainusa chupa. "Yanuka kama maziwa yaliyolala," akasema.

Mlezi wetu akadakia kuwa hata maziwa yamewahi kurusha ndege. Mosquito, ndege ya vita ya Waingereza iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940, ilijengwa kwa mbao, na mwanzoni iligandishwa kwa kaseini, gundi itokanayo na maziwa. Unyevu na kuvu huidhoofisha gundi hiyo, basi baadaye wakahamia gundi za fomaldehaidi. Naibu alisikiliza kimya, kisha akatoa hukumu: gundi nyeupe, nyingine hapana.

Kazi yake inataka subira. Mkonge tunaupaka mara mbili: safu nyembamba kwanza izibe vitundu, ikikauka ndipo ya pili ya kuunganishia. Tunapaka kwa kijiti cha meno na kufuta inayofurika. Tunabana kwa vibanio vya nguo hadi asubuhi. Chini tunatandika karatasi ya mkate bawa lisigande mezani (mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku mwaka wa 2017, mkate umetuokoa). Pale bawa linapokutana na kiwiliwili tunazungushia uzi wa kushonea uliolowa gundi. Na hatuiachi ndege kwenye umande, kwa maana gundi hii nayo haipatani na maji.

Muhula wa pili yule kijana alirudi, amekonda, mcheshi kidogo tu. Siku moja akaja akasimama kando ya meza yetu. Hakuna aliyemwuliza kitu. Nikamsogezea chupa ya gundi nyeupe na mbavu sita za bawa. Naibu alipita dirishani, akatazama, akaendelea na safari yake.

Siku ya wazazi ndege iliruka vizuri, ikavuka goli, ikavuka wazazi wa Kidato cha Kwanza, kisha ikaparamia mgunga ulio karibu na ua. Yule kijana alifika wa kwanza. Alirudi na bawa vipande viwili, akaniwekea mkononi palipovunjika, vidole viwili kutoka kwenye maungio.

"Ubao, katibu," akasema. "Gundi iko."