Herufi Tatu Nyuma ya Jina

Kenya, mtu anaweza kufa akaacha shamba, wajane na madeni, lakini kama aliwahi kupewa nishani, tangazo la kifo chake gazetini halitazisahau zile herufi tatu nyuma ya jina. EBS. MBS. OGW. Zimo kwenye kadi za harusi za wanawe, kwenye kibao cha langoni, kwenye barua za bodi ya shule. Mimi nilizijua kabla sijajua zinasimamia nini.

Kwetu Taita, miaka ya themanini, zilikuja na gazeti. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jamhuri Dei ya 12 Desemba ikipita, alilinunua gazeti lenye orodha ya waliotunukiwa na kulisoma kibarazani kwa sauti. Alikuwa na namna yake: majina aliyaruka, akasoma vyeo. Katibu wa wizara. Mkuu wa mkoa. Mkuu wa wilaya. Meneja wa shirika la serikali. Mama akauliza kutoka jikoni, "Mwalimu, yumo tunayemjua?" Baba akajibu, "Tunawajua wote. Ni wale wale, wamepanda ngazi tu."

Na kweli ilikuwa ngazi. Chini kabisa ziko Pongezi za Mkuu wa Taifa, HSC. Juu yake OGW, halafu Nishani ya Mkuki Uwakao yenye daraja la moran, la mzee na la chifu, na kileleni Moyo wa Dhahabu, wenye moran, mzee na chifu wake. Kubandika herufi nyuma ya jina tulikurithi kwa Waingereza, waliowapa watumishi wao OBE na MBE. Madaraja yenyewe yakavikwa mavazi ya rika na baraza la wazee, na mkuki ukachukuliwa kutoka jina la sifa la Jomo Kenyatta. Lakini mwendo wake ulikuwa wa ofisini. Mtumishi akipandishwa cheo, nishani nayo ilimfuata, kama marupurupu ya nyumba.

Chifu wetu naye alipata yake siku moja, ile ya chini. Ng'ombe akachinjwa, sisi wanafunzi tukapangwa mistari, tukaimba hadi koo zikakauka. Wazee wakahutubu mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyetaja jambo lolote alilolifanya chifu, na hakuna aliyeuliza. Kuuliza kungekuwa utovu wa adabu, na enzi hizo ungeweza kuambiwa ni zaidi ya hapo.

Wasiokuwemo kwenye orodha sikuwafikiria mpaka nilipokuwa mtu mzima. Kila 20 Oktoba tulisherehekea Kenyatta Dei, ukumbusho wa kamatakamata ya mwaka 1952. Waliopelekwa mahakamani Kapenguria walikuwa sita: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko na Karumba. Siku ikabeba jina la mmoja. Mau Mau yenyewe ilibaki chama haramu katika vitabu vya sheria hadi 2003, miaka arobaini baada ya bendera yetu kupanda. Yaani mpiganaji wa msituni aliweza kuzeeka na kufa hali serikali aliyoipigania bado inakiorodhesha chama chake pamoja na vya wahalifu. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sanamu yake ikazinduliwa katikati ya Nairobi tarehe hiyo hiyo, mwaka 2007.

Lakini mtu aliyenifanya niitazame orodha kwa jicho jingine ni Wangari Maathai. Mwaka 1989 alipinga jengo refu la chama tawala lisijengwe Uhuru Park, na wabunge wakamkejeli ndani ya ukumbi wao kwa maneno ambayo leo yangewaaibisha wajukuu zao. Mwaka 1992 alikaa bustanini humo pamoja na akina mama waliodai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Polisi wakawapiga, yeye akazirai na kupelekwa hospitali. Mwaka 1999 akashambuliwa kwa kutetea msitu wa Karura. Nilikuwa kijana tayari, na wakubwa wengi niliowasikia walimwita mkorofi. Mwaka 2003 serikali mpya ikampa Mkuki Uwakao, daraja la mzee. Mwaka uliofuata akapata Tuzo ya Nobeli ya Amani na Moyo wa Dhahabu juu yake. Wapo waliosema nishani hizo zilikuwa njia ya serikali kujisafisha. Huenda. Mimi niliona jambo jingine: kwa mara ya kwanza herufi zilikwenda kwa mtu ambaye nchi nzima iliweza kutaja alichokifanya, hata wale waliokichukia.

Katiba ya 2010 ikaigeuza Kenyatta Dei kuwa Mashujaa Dei, na ikasema Rais hutoa nishani kwa niaba ya wananchi na Jamhuri. Mwaka 2013 ikaja Sheria ya Nishani za Taifa, yenye kamati ya kumshauri Rais na nafasi kwa raia kupendekeza majina. Kwenye karatasi, mlango ukafunguliwa.

Wakaanza kupita watu wa aina nyingine. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu huko Mandera, alikuwa ndani ya basi lililotekwa na al-Shabaab Desemba 2015. Abiria Waislamu waliamriwa wajitenge na Wakristo, wakakataa. Farah alipigwa risasi, akafa Januari, na OGW yake ikatolewa naye yuko kaburini. Mwaka 2019 nilikuwa Mombasa, bustani ya Mama Ngina, katika umati wa Mashujaa Dei, Eliud Kipchoge alipopewa Moyo wa Dhahabu. Zilikuwa siku nane tu tangu akimbie marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna. Mama mmoja muuza viazi karai aliyesimama kando yangu aliisoma saa hiyo hadi sekunde ya mwisho bila kukwama. Na Juni 2020, corona imetufungia ndani, mtoto wa miaka tisa kutoka Bungoma, aliyegongomea mbao akapata chombo cha kunawia mikono kinachokanyagwa kwa mguu, alikuwa miongoni mwa watu 68 waliopewa nishani ya Uzalendo.

Ile orodha ya baba haikufa. Makatibu wa wizara bado wamo, majenerali wamo, wandani wa wanasiasa wamo, tena wengi. Kilichobadilika zaidi ni wasomaji. Siku hizi orodha ikitoka, simu yangu huwaka moto: "Huyu naye amefanya nini?" Swali hilo huulizwa kwa ukali, mara nyingine kwa wivu mtupu. Wachekeshaji na wanablogu ndio husutwa kuliko wote, jambo nisiloliafiki; kuichekesha nchi yenye mambo kama yetu ni utumishi wa umma. Hata hivyo nazipenda kelele hizo kuliko zile nyimbo tulizomwimbia chifu.

Mwaka jana wanakijiji wenzangu waliniita nyumbani tujaze fomu ya kumpendekeza mkunga wetu, nyanya aliyezalisha karibu nusu ya watu waliokuwa kwenye kikao. Ugumu ulikuja kwenye ushahidi. Hana cheti wala barua, na hakuna ofisi iliyowahi kumwajiri. Kijana mmoja akashauri tukusanye majina ya aliowazalisha, kila mmoja atie sahihi. Daftari likazunguka. Wawili wakagombana kuhusu nani alizaliwa usiku wa mvua daraja lilipokatika.

Tulipompelekea nyanya habari, alituuliza tumeandika nani. Tukamwambia ni yeye. Akasema aliyemfundisha kazi, na aliyemzalisha hata marehemu baba yangu, ni shangazi yake. Bila jina hilo tusiandike lake. Mzee mmoja akamwambia marehemu hapewi nishani. Nikamtajia Mwalimu Farah.

Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Tulimtuma kijana wa bodaboda mjini akachapishe nyingine.